Pazia zito, dirisha la mbao au kitambaa cha macho? Kuchagua giza la kulalia Mtwara na Lindi

Ushauri mwingi kuhusu usingizi unasema jambo moja: ziba chumba, fanya giza totoro, lala. Ukiufuata ushauri huo Shangani au Mikindani mwezi wa pili, wakati upepo umelegea na jasho halikauki, giza utalipata na usingizi hutaupata. Mtu wa pwani ya kusini anayetafuta giza ana maswali mawili kwa pamoja: mwanga utazuiwa na nini, na upepo utapita wapi. Nimepanga ulinganisho huu kwa maswali hayo mawili, kwa sababu naona watu wengi wananunua vitu vizuri vinavyojibu swali la kwanza tu. Baada ya wiki chache pazia la bei limefungwa fundo pembeni ili hewa ipite, na taa ya jirani inaingia kama zamani.

Giza lina kazi gani mwilini

Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pineali. Mwanga ukipungua jioni, tezi hii inaanza kumwaga melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliitenga homoni hiyo mwaka 1958. Jinsi jicho linavyoipelekea tezi habari za mwanga ilichelewa kujulikana. Miaka ya 2000 ilipoanza ndipo ilipothibitika kwamba nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kuu ni kupima wingi wa mwanga, si kutuonyesha sura za vitu. Zina kemikali iitwayo melanopsini, na zinaamshwa zaidi na mwanga wa buluu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 480 hivi. Balbu nyeupe tunazofunga siku hizi zina buluu nyingi. Koroboi ya bibi ilikuwa nayo kidogo sana.

Mwanga hupimwa kwa laksi. Jua la mchana hufika laksi 100,000. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haizidi sana 0.3. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa pendekezo linalotumika sana sasa: kwa kipimo kinachohesabu ule mwanga unaoigusa melanopsini, katika muda wa saa tatu za mwisho kabla ya kulala mwanga unaofika machoni usizidi laksi 10, na wakati wa kulala usizidi 1. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, waliwalaza vijana 20 wenye afya. Nusu yao walilala usiku mmoja chini ya laksi 100, ambao ni mwanga wa kawaida wa sebule yenye taa. Mapigo ya moyo yao yalikuwa juu usiku ule, na asubuhi insulini yao, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haikufanya kazi vizuri kama ya siku iliyotangulia. Ni utafiti mdogo na wa usiku mmoja. Hata hivyo unaeleza jambo zito: walikuwa wamefumba macho, wamelala, na mwili bado uliuona mwanga. Kope hazizuii kila kitu.

Kwa hiyo anayesema "mimi nalala hata taa ikiwaka" anasema kweli kwamba analala. Mwili wake unapumzika kiasi gani ni swali jingine.

Kabla hujatoa hela

Subiri usiku wa giza, zile siku ambazo wavuvi wa dagaa wanaingia baharini kwa sababu hakuna mwezi wa kushindana na taa zao. Zima kila kitu chumbani, kaa kitandani dakika kumi au zaidi mpaka macho yazoee, kisha tazama. Kwa kuwa mwezi haupo, karibu kila mwanga utakaouona umewashwa na mtu, na kwa hiyo unaweza kushughulikiwa.

Utashangaa ni mwingi kiasi gani unatoka ndani ya nyumba yako. Kitaa cha king'amuzi, swichi nyekundu ya ekstensheni, chaja, simu inayowaka kila ujumbe unapoingia, taa ya korido inayopenya chini ya mlango. Katika nyumba nyingi zetu za bati zisizo na dari, ukuta wa kati haufiki juu, na mwanga wa chumba cha pili unavuka na kushuka kitandani kwako. Hapo pazia la dirishani halitasaidia hata likiwa la bei gani. Kipande cha utepe mweusi juu ya vitaa, kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango na makubaliano ya saa ya kuzima taa ya chumba cha pili vinafanya kazi kubwa zaidi, tena karibu bure. Anza na hivyo. Ukishamaliza, kilichobaki ndicho cha dirisha.

Pazia zito na dirisha la mbao

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na hapa ndipo hali yetu inapotofautiana na ya watu wa nchi za baridi.

Pazia zito ni kitambaa kinene chenye bitana nyeusi, au kilichopakwa tabaka kama la mpira upande wa nyuma. Linapatikana limeshonwa tayari, au fundi cherehani anakushonea. Katikati yake halipitishi kitu. Udhaifu wake uko kingoni. Likikatwa sawasawa na upana wa dirisha, mwanga unapenya pande zote nne. Mwambie fundi aongeze shubiri nzima kila upande, lishuke chini ya kizingiti cha dirisha, na bomba la kuning'inizia lifungwe juu zaidi ya ulipozoea.

Tatizo ni upepo. Kusi ikivuma miezi ya Juni hadi Agosti, pazia linapepea, na kila likipepea taa ya nje inapiga usoni. Ukilibana lisipepee, hewa imekwisha. Madirisha ya alminiamu ya kusukuma, ambayo sasa ndiyo yamejaa kila nyumba mpya kutoka Chuno hadi Mitwero, yanaongeza ugumu: kwa jinsi yalivyotengenezwa, nusu ya dirisha haifunguki kamwe. Ukiweka pazia zito mbele ya nusu iliyobaki, umebakiza nini? Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Msimu wetu wa mvua ni mmoja na mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na unyevu wa bahari haukatiki. Kitambaa kizito kinachogusa ukuta muda wote huo kinashika kuvu, na ukikifua hakikauki kwa siku moja.

Dirisha la mbao lenye vibao vya mlazo, ambalo ni la zamani katika mwambao wote, linajibu maswali yote mawili. Vibao vikiinama kuelekea nje, mwanga wa taa ya mlingoti, ambao unatoka juu, unagonga kibao na kuishia hapo. Upepo unapita katikati ya kibao na kibao. Mvua ya mlazo nayo inazuiliwa. Mwanga kidogo unaorudi kutoka chini unaelekea darini, mbali na macho ya aliyelala. Ukivipaka rangi ya giza isiyong'aa upande wa ndani, chumba kinakuwa cheusi kuliko wengi wanavyotarajia, na bado unasikia upepo mwilini.

Lina gharama yake. Mbao laini zinaliwa na mchwa, kwa hiyo unahitaji mninga au mbao nyingine ngumu, na fundi seremala mwenye mkono wa kupanga vibao kwa pembe moja. Bawaba za chuma cha kawaida zinaliwa na chumvi ya bahari. Tafuta za shaba au chuma kisichoshika kutu. Mpangaji hawezi kubomoa dirisha la mwenye nyumba. Na aliyekwisha kuweka alminiamu hataki kusikia habari ya kuanza upya, ingawa vibao vinaweza kufungwa kwa ndani kama milango miwili midogo mbele ya kioo kilichofunguliwa.

Maoni yangu ni haya: kama bado unajenga, vyumba vya kulala vipe madirisha ya mbao, na alminiamu iende sebuleni. Inaumiza kuona mtu anajenga nyumba nzuri Lindi, mahali ambapo upepo wa bahari ni zawadi ya kila jioni, halafu anaifungia nje kwa vioo na kununua feni. Kama nyumba imeshajengwa, weka pazia zito lakini ulitenge na ukuta kwa sentimita 15 hivi, na juu yake fundi apigilie ubao wa kufunika uwazi. Hewa itazunguka pembeni na mwanga utalazimika kugonga kitu kabla ya kuingia. Chumba chenye madirisha mawili ni rahisi zaidi: zito liende upande wa taa, jepesi libaki upande wa upepo.

Kitambaa cha macho

Kwa mpangaji, kwa mwanafunzi wa hosteli, kwa wanaolala watatu chumba kimoja huku mmoja anasoma hadi usiku wa manane, hiki ndicho ninachokipendekeza kwanza. Dirisha linabaki wazi, feni inazunguka, chandarua kinabaki mahali pake, na hakuna wa kuombwa ruhusa.

Wapo wanaouliza kama kufunika macho peke yake kunatosha, ilhali mwili mzima uko kwenye mwanga. Kunatosha. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani walidai kwamba mwanga ukimulikwa nyuma ya goti unasogeza saa ya mwili. Wengine walipojaribu tena kwa uangalifu zaidi hawakuona kitu. Habari za mwanga zinapita machoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, nao waliwapa watu kitambaa cha macho wakalale nacho nyumbani kwao, kisha wakawalinganisha na usiku waliovaa kitambaa kilichotobolewa sehemu ya macho. Waliofunikwa kweli walikumbuka zaidi maneno waliyofundishwa na wakawa wepesi zaidi wa kuitikia.

Kasoro zake ni za joto na za kuteleza. Kitambaa cha nailoni kinachouzwa kikiwa na mng'ao kinatoa jasho kwa muda mfupi. Chukua kipande cha kanga kilichochakaa kwa nje, pamba nyeusi kwa ndani, mpira mpana usiobana, na umwombe fundi aongeze kimto kidogo cha pamba pande mbili za pua, kwa sababu huko ndiko mwanga unakopenya. Shona viwili, kimoja kikifuliwa kingine kivaliwe. Mtoto mchanga na mtoto mdogo wasivalishwe kabisa. Kikiteremka puani ni hatari. Na kama wewe huamshwa na mwanga wa alfajiri, utahitaji adhana au simu ikuamshe, kwa kuwa jua halitakufikia.

Watu wengi badala yake hutupia kanga au kitenge juu ya chandarua upande wa taa. Inapunguza mwanga, sikatai. Lakini inazuia hewa upande huohuo, na uzito wake unavuta chandarua mpaka ukingo unatoka chini ya godoro. Mikoa yetu hii miwili imo miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini. Giza lolote linaloacha mwanya kwa mbu ni hasara tupu, na kati ya njia hizi mbili kitambaa cha macho kinashinda bila ubishi.

Balbu nyeupe na balbu ya njano

Hili ni fupi. Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K. Ile ya 6500K ni nyeupe yenye buluu. Ya 2700K au 3000K ni ya njano. Kwa chumba cha kulala na korido chukua ya njano, tena ya wati chache; nyeupe ibaki jikoni na mahali pa kusomea. Njano yenye nguvu nyingi bado ni mwanga mwingi, usije ukadhani rangi peke yake inatosha. Taa ya sola yenye ngazi iweke kwenye ngazi ya chini na uielekeze ukutani.

Mtoto anayeogopa giza asilazimishwe. Taa ndogo ya rangi ya chungwa, iliyowekwa chini karibu na sakafu, nyuma ya kabati au koridoni mlango ukiwa wazi kidogo, inamtosha. Koroboi isirudishwe kwa sababu ya rangi yake nzuri: moshi wake unaingia kifuani, na karibu na chandarua ni moto unaosubiri.

Taa ya nje, yako na ya jirani

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na gesi hiyo leo inazalisha umeme. Hakuna anayetamani kurudi kwenye giza la njia zisizopitika usiku. Linaloweza kuchaguliwa ni taa imulike wapi na kwa muda gani.

Linganisha aina tatu. Taa tupu inayowaka usiku kucha inamulika ua, barabara, chumba chako na cha jirani. Taa hiyohiyo ikivishwa kofia ya bati inayoielekeza chini, inamulika ua tu, na kwa kuwa haipotezi mwanga angani unaweza kutumia balbu ya nguvu ndogo. Taa yenye sensa inawaka mtu akipita, kisha inazima. Kwa ulinzi naamini hizi mbili za mwisho ni bora. Taa inayopiga machoni inampofusha hata mlinzi, na mwizi aliyesimama nyuma yake haonekani. Sensa ina usumbufu wake, paka na popo wanaiwasha, kwa hiyo ifungwe upande usiotazama dirisha.

Taa ikiwa ya jirani, nenda mchana, nenda na heshima, na uende na suluhisho mkononi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibu." "Ahsante. Nimekuja na ombi. Ile taa ya uani inafika hadi kitandani kwa watoto. Ukiridhia, fundi wangu aiinamishe kidogo, gharama ni juu yangu." Mzee anayeombwa hivyo hakatai kwa urahisi. Anayetumiwa mtoto kwenda kusema "zimeni taa" ana haki ya kukasirika.

Niongeze hili kwa walio karibu na fukwe za Msimbati na visiwa vyake, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Vifaranga vya kasa wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa ya nyumba inayotazama ufukwe inawapeleka nchi kavu wakafe. Kofia ileile ya bati inayokupa usingizi wewe inawaokoa na wao.

Wanaolala Newala, na wanaolala mchana

Yote niliyosema juu ya upepo yanageuka ukipanda uwanda wa Makonde. Newala na vijiji vyake miezi ya Juni na Julai kuna baridi ya kujifunika blanketi, na huko pazia zito linashinda: linazuia mwanga na linahifadhi joto. Anayehama kutoka Newala kushuka Mtwara mjini asibebe uzoefu wa pazia lake akidhani utafaa huku chini.

Kundi la mwisho ni la wanaofanya kazi usiku na kulala mchana: wauguzi, walinzi, watu wa kiwanda cha saruji, watu wa bandarini msimu wa korosho. Kwao sikubali njia nyepesi. Jua letu linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Novemba na karibu saa kumi na mbili na nusu mwezi wa Julai, na muda mfupi baadaye nje kuna mwanga ambao pazia la kawaida haliuwezi. Hapa inahitajika pazia zito na kitambaa cha macho kwa pamoja, na feni kufidia upepo uliozuiwa. Bitana inayotazama dirisha iwe nyeupe, irudishe joto nje, na nyeusi iwe upande wa ndani. Kama nyumba ina vyumba vya kuchagua, lala cha magharibi, kwa sababu jua la asubuhi linapiga mashariki na wewe unataka saa hizo zikupite. Ukiamka saa nane mchana ndipo litakuwa linaanza kuugeukia ukuta wako. Njiani kurudi nyumbani asubuhi, abiria au mtembea kwa miguu avae miwani ya jua ili mwili usidhani siku ndiyo kwanza inaanza. Anayeendesha bodaboda mwenyewe baada ya zamu ya usiku asiivae: tayari ana usingizi machoni, na anahitaji mwanga wote uliopo afike salama.